Mtoto wa Kwanza ni Wangu

Kabla hujanicheka, ujue kwanza unamcheka nani. Mimi niliachia shule darasa la nne, nikaanza kwa kubeba marobota ya pamba mgongoni pale Bariadi, na leo pamba inabebwa na magari yangu. Nyumba yangu ya Mwamapalala ina bati la rangi. Zizi langu, ng'ombe wakiwa ndani, ukisimama mlangoni huoni upande wa pili. Sikurithi hata kwato. Mtu wa namna hiyo anapata wapi muda wa kutunga uongo? Haya ninayokuandikia nimeyashika kwa mkono huu, nikayalipia kwa hela yangu mwenyewe, na hakuna kitu nilichowahi kununua kikanigharimu hivi.

Ilikuwa mwisho wa msimu wa pamba. Natoka Nkoma kuangalia mzigo, niko peke yangu kwenye pikapu, jua la alasiri, upepo unapeperusha pamba mpaka imenasa kwenye miiba kama vile miti imeota mvi. Kwenye karavati moja nje ya Migato nikaona mama amekaa chini pembeni ya barabara, miguu ameinyoosha, na mbele yake kuna kitu kikubwa kimefunikwa kaniki. Hakunipungia mkono. Hakuinuka. Nilisimama mwenyewe, na mpaka leo najiuliza, kwa nini nilisimama?

"Mwadila, bhabha," akanisalimia. Ndiyo salamu yetu ya mchana.

"Mwadila, mayu. Mhola?"

Kwetu hata kama nyumba inaungua, ukiulizwa mhola unajibu mhola, ni kuzuri, ndipo unaanza kueleza moto. Yeye hakujibu hivyo.

"Siyo mhola. Mbwa wangu anakufa."

Akafunua kaniki. Nikaona mbwa. Sikiliza vizuri hapo: nilimwona mbwa. Mkubwa, rangi ya udongo, shingo nene, tumbo limekaza kama ngoma, ulimi uko nje. Anahema kwa kukwama, na kila akihema ananitazama mimi, hamtazami mwenye mbwa. Harufu yake ilikuwa ya ngozi mbichi iliyosahaulika kwenye mvua.

"Ameshikwa na uchungu, watoto hawatoki," akasema. "Kuna daktari mjini, anataka hela. Mimi sina. Wewe unayo. Nisaidie atibiwe."

Basi, hivyo tu. Hakulia, hakusema samahani. Nimeombwa na watu wengi katika maisha yangu, tena wengine wanapiga magoti, lakini sijawahi kuombwa na mtu kama vile amekuja kuchukua kitu chake.

Nikacheka. "Mayu, mbwa? Kuna watu huku wanajifungulia njiani kwa kukosa nauli, wewe unamtafutia mbwa dokta?"

"Huyu ndiye anayenilisha."

"Anakulisha? Analima pamba?"

"Anatoka, analeta."

Nikajua ni mbwa wa kuwinda. Wazee wa kwetu walikuwa na mbwa wa kuleta sungura na digidigi, sikuona ajabu. Halafu nikwambie ukweli: mimi napenda kuombwa. Mtu aliyewahi kulala na njaa, siku akiombwa yeye, kifua kinapanuka. Na yule mnyama nilimwonea huruma. Nimezalisha ng'ombe wengi, najua jicho la mnyama anayekufa na mtoto tumboni.

"Mpakie," nikasema. "Leo utajua kuna watu na kuna viatu."

Nikashika mbele, yeye akashika nyuma. Uzito ule! Mimi niliyebeba marobota, nilihema kama yule mnyama. Mama wala hakubadilisha pumzi. Tulipomlaza nyuma ya gari, nikajifuta jasho, nikatoa utani, utani wetu wa kawaida wa wafugaji: "Ila mayu, kama namtibu mimi, mtoto wa kwanza ni wangu."

Akageuka polepole. "Umesema?"

"Nimesema."

Ndipo akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Sasa wewe ambaye si wa kwetu huenda hujaona kosa liko wapi. Usukumani mwenye ng'ombe wengi haweki wote nyumbani. Anawagawa, huyu amchungie wawili, yule watatu. Tunaita kubilisa. Anayechunga anakamua maziwa, mnyama akiumwa anamhangaikia, na siku inafika mwenye mali anamwambia, huyu ndama ni wako. Hapo hakuna karatasi. Kuna maneno na kuna shahidi, basi, na neno likishatoka haliliwi. Hata watoto wanaochunga wanajua. Mimi nilikuwa najua kuliko wote, maana nusu ya zizi langu lilianza kwa kuchungia watu.

Bariadi tulifika jua limeinama. Daktari wa mifugo niliyemzoea ni kijana wa Kichaga, amefungua chumba cha matibabu nyuma ya duka la dawa. Mtu wa utani.

"Mzee, leo umeniletea nini, simba?"

"Mbwa wa huyu mama. Mtibu, bili ni yangu. Usimuulize yeye kitu."

Tukamlaza mezani. Mama akashika kichwa, mimi nikashika mguu wa mbele. Dokta akampapasa tumbo, akaenda nyuma, akainama. Akainuka, akainama tena.

"Mama, ulisema ana mimba?"

"Ana mimba."

"Mama yangu, huyu ni dume."

"Angalia tumbo," mama akasema.

Dokta akaweka kiganja pale. Nikaona mwenyewe ngozi ikiinuka, kitu kinasukuma kutoka ndani. Dokta akanitazama, mimi nikamtazama. Utani wote ulimtoka.

"Mzee, mimi nimesomea hii kazi, haya sijawahi kuyaona. Nitampasua, la sivyo anakufa hapa hapa. Lakini ganzi, upasuaji, drip, na sindano za kuendelea nazo... ni ghali."

Akataja. Ilikuwa bei ya ndama aliyenona. Nikaweka hela mezani bila kuomba punguzo, halafu, kwa sababu mdomo wangu haujui kutoa kimyakimya, nikasema kwa sauti: "Dokta, hii siyo sadaka. Tumeshakubaliana na mama, mtoto wa kwanza ni wangu."

"Daktari amesikia?" mama akauliza.

"Nimesikia, nimesikia," Dokta akajibu, anatafuta mkasi. "Shikilieni vizuri. Ngoja nipige picha moja niwatumie wenzangu, hawataniamini."

Unaona? Nilikuwa natafuta sifa, kumbe natafuta shahidi.

Akapasua. Wa kwanza akatoka. Mweusi kama masizi, amelowa, yuko hai. Dokta akamgeuza amfute, akaruka nyuma hadi kabati likatikisika.

Wewe umefuga mbwa? Mbwa anazaliwa macho yamefumba, siku nyingi zinapita ndipo afumbue. Huyu macho yalikuwa wazi. Na alipofungua mdomo alie, alikuwa na meno. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayeingia kwenye mkutano akiwa amechelewa, akafika kwangu, akabaki kwangu. Wa pili alitoka amekufa.

Dokta alishona bila kumtazama yule mchanga. Akasema mnyama alale pale mpaka asubuhi, asisogezwe. Mama akasema, "Hapana, kwetu siyo mbali." Akamfunga yule mchanga kwenye kaniki kifuani, akamwinua yule mkubwa mabegani peke yake, akatoka. Mlangoni akanigeukia kunishukuru.

"Wabeja, bhabha. Nitamlea mpaka aache ziwa. Nitakuletea."

Nikamwambia asubiri, nawasha gari nimrudishe. Nikazunguka duka, ni hatua chache tu. Nilipofika nyuma hapakuwa na mtu. Bado palikuwa na mwanga, uwanja ule ni wa vumbi, tena mtupu, anayetoka anaonekana mpaka mbali. Nikatazama chini. Nyayo za miguu ya mama ziliishia mlangoni. Kutoka pale zilianza nyayo za mnyama, za mbele kubwa kuliko za nyuma, na zilikuwa zimezama. Zimezama kama za punda aliyepandwa.

Nilikuwa nimeona mnyama huyo akishonwa tumbo muda ule ule. Nikaingia ndani ya gari, nikafunga vioo, nikaendesha mpaka nyumbani bila kuwasha redio.

Asubuhi Dokta akanipigia. "Mzee, fungua ile picha niliyokutumia."

Nikafungua. Sikiliza, macho yetu wawili yalimwona mbwa, lakini simu haikurogwa. Mezani alikuwa amelala fisi. Masikio ya mviringo, mdomo mweusi, madoa ubavuni. Wenzake Dokta walikuwa wameandika chini: "Fisi umemtoa wapi?" Mwingine: "Na mwendawazimu gani amelipia?" Wanacheka. Mimi sikucheka, maana mkono wangu ulikuwa pale, na saa yangu, na sura yangu nusu, nimeshika mguu wa mbele. Na mama aliyekuwa ameshika kichwa hayupo. Kichwa cha fisi kimeinuka juu ya meza, kimekaa hewani, hakuna aliyekishika.

Mke wangu, Mama Kulwa, ni mtu asiyeshtuka ovyo. Nilimwonyesha picha, nikamsimulia. Alisikiliza huku anapepeta mahindi. Nilipofika kwenye yale maneno yangu, ungo ukasimama.

"Ulisema mtoto wa kwanza ni wako?"

"Ilikuwa utani."

"Dokta akasikia?"

"Akasikia."

"Baba Kulwa, mdomo wako umetuletea ng'ombe, sasa umetuletea na hili." Akasimama, mahindi yakamwagika, hakuyaokota. "Wenzako wanawakimbia watu wanaofuga fisi. Wewe umeenda kumtibia mmoja wao fisi wake, ukadai na fungu lako!"

Kwetu kila mtu anajua kuna wanaofuga fisi kama sisi tunavyofuga ng'ombe. Wanawapanda, wanawatuma, asubuhi wanaletewa. Anatoka, analeta. Nilikumbuka maneno hayo nikakaa chini.

Miezi ile iliyofuata fisi walivamia Mwamapalala kwa fujo. Kwa jirani yangu Masanja, ambaye ua wake na wangu ni mmoja, walimaliza mbuzi, wakaanza ndama. Kwangu hawakuingia. Nyayo zao zilifika mpaka mlango wa zizi, zikazunguka, zikaondoka, na mbwa wangu hawakubweka hata mara moja. Kwanza Masanja alikuwa ananitania juu ya ua: "Kaka, hiyo dawa unayotumia tugawie basi, au unataka ubaki na ng'ombe peke yako kata nzima?" Nilimjibu nina ua imara. Baadaye akaacha utani. Baadaye tena akaacha salamu.

Halafu asubuhi moja, nimechuchumaa nakamua, nikasikia nyuma yangu salamu yetu ya asubuhi: "Mwangaluka, bhabha."

Sikusikia mlango wa zizi ukifunguliwa. Amesimama katikati ya ng'ombe wangu, na ng'ombe wanacheua kana kwamba amezaliwa humo. Mkononi ana kitu kimefungwa kwa kaniki, kinajinyonganyonga.

"Ameacha ziwa. Mtoto wako huyu."

Nikafikiria haraka kuliko nilivyowahi kufikiria sokoni. Nikikataa, nimekula neno mbele ya mwenye mali, tena mwenye mali wa aina ile. Ningelala wapi? Nikipokea, Masanja yuko upande wa pili wa ua anafungua mbuzi wake wachache waliobaki, ataona nimeshika nini. Unajua mtu anayeonekana na fisi mkononi kijijini kwetu anamalizia wapi? Usiniulize. Na kumuua mbele yake sikuthubutu hata kuwaza, maana kitu kile kilikuwa kimetoa pua nje ya kaniki na kinanitazama kwa macho yale yale.

Ndipo akili ya biashara ikanijia, ile iliyonitoa kwenye marobota. Nikasema kwa heshima zote: "Nimempokea, mayu. Wabeja. Ila mimi ni mtu wa safari, sina wa kumchunga. Kaa naye wewe. Nakubilisa."

Halafu akacheka. Kicheko kile nilishawahi kukisikia mara nyingi maishani, kutoka porini, hakuna siku niliyokisikia kutoka kwa mtu.

"Wengine wanakataa," akasema. "Wengine wanapokea, wanaua. Hakuna aliyewahi kuniwekea mali. Wewe kweli ni tajiri, bhabha." Akakifunika kile kitu kichwa, taratibu, kama mama. "Ng'ombe zako unaziwekea alama gani?"

Nikainamia ndoo ya maziwa.

Akatazama masikio ya ng'ombe waliomzunguka. "Haya. Nimeiona."

Nilipogeuza macho kutazama ua wa Masanja, halafu nikayarudisha, hakuwepo.

Nilikimbia ndani nimefurahi kama mtoto. "Mama Kulwa! Nimemrudishia! Amekwenda naye!"

Nikamweleza nilivyosema. Mama Kulwa hakuinua sauti. Alinishika mkono, kitu ambacho hajafanya tangu mama yangu afariki, akasema: "Mume wangu, hukumrudishia. Aliyemwekea mwenzake mnyama amchungie ni nani? Si ndiye mwenye mnyama?"

Tangu siku hiyo napokea fungu langu. Simtanii mtu. Kuna asubuhi kwenye mti wa mlango wa zizi nakuta paja limening'inizwa, bichi, safi, limekatwa vizuri, fungu la mwenye mali. Mama Kulwa analizika nyuma ya jiko kabla watu hawajaamka. Siku zote ni siku ambayo kwa jirani mmoja kuna kilio cha mbuzi. Nimejaribu kulipa. Nilimpelekea Masanja ndama wawili, nikasema ni zawadi ya ujirani. Aliwatazama, akaniuliza, "Unanilipa nini, kaka?" Akawarudisha.

Wiki hii alikuja mwenyewe, mchana, amesimama nje ya ua na upinde wake, hakukubali kiti.

"Jana nimemwona," akasema. "Kijana, hajakomaa. Nilimlenga, nikaona sikio la kushoto. Limekatwa mara mbili chini, mara moja juu."

"Fisi wanagombana, masikio yanachanika."

"Yanachanika. Hayakatwi kwa kisu." Akaelekeza upinde kwa ng'ombe wangu mmoja aliyekuwa karibu. Sikio la kushoto, mara mbili chini, mara moja juu. "Kaka, tumekua wote. Nitasema kwenye mkutano, siwezi kutosema. Ila nimekuja nikuulize wewe kwanza. Yule ni wako?"

Maisha yangu yote nimeulizwa swali hilo. Gari hili ni la nani? Ng'ombe hawa? Nyumba ile? Na siku zote nimejibu kabla swali halijaisha. Safari hii niliona ulimi umelala. Kusema si wangu ni uongo, na neno nililolitoa lina mashahidi. Masanja alisubiri, akatikisa kichwa, akaondoka.

Mkutano ni kesho kutwa. Ushahidi wangu wote ni ile picha, na picha inanionyesha mimi peke yangu nimemshika fisi mguu. Dokta yuko tayari kuja kunitetea, lakini atasema nini? Atasema alichosikia kwa masikio yake, kwamba nilidai mtoto wa kwanza ni wangu. Ndiyo maana nimeandika haya sasa, mtu yeyote wa Mwamapalala akiyasoma ajue sikumtuma yule mnyama kwenye zizi la mtu. Lakini siwezi kusema si wangu.

Na wewe uliyeko mbali, unayedhani hayakuhusu, nisikilize. Ukikutana na mtu barabarani anakuomba msaada wa kumtibu mbwa wake, kama huna, sema huna, upite. Kama unayo, toa, mnyama ni mnyama, anaumia. Ila ukishatoa funga mdomo, uondoke. Usitanie, usidai hata unyoya. Kuna watu wanaelewa neno kuliko wewe unayelisema.

Hivi sasa ninapoandika jua limezama na kule nyuma ya zizi nasikia kicheko, karibu sana. Kwa Masanja mbuzi wanapiga kelele, wanagonga ua. Kwangu kimya. Ng'ombe wangu wanacheua, wametulia. Hawashtuki. Wameshamzoea, maana ana alama yao.